Mtani Alitia Sahihi

Kama wiki jana gazeti lilikupita, au jirani alifungia vitumbua ukurasa wangu, ngoja nikukumbushe nilivyojiharibia.

Naitwa Balbina, fundi cherehani hapa Ifakara. Mdogo wangu Levina alikwenda Uchindile kufanya kazi kwenye mashamba ya miti. Tulinuniana kwa jambo la kijinga, tukakaa miaka mitatu bila kupigiana simu. Akafariki huko huko, na habari zikanifikia ameshazikwa. Hilo sina utani nalo. Linanichoma hadi leo.

Aliacha binti wa miaka minane, Violeth. Baba wa mtoto hajulikani aliko. Serikali ikamchukua mtoto, ikamweka kwenye makao ya watoto, ikaanza kutafuta ndugu.

Ndugu wa kwanza kupigiwa simu nilikuwa mimi, kabla hata sijasikia habari za msiba. Sauti ya mwanamke ikasema, "Naitwa Aikande, afisa ustawi wa jamii. Kuna mtoto wa ndugu yako tunaye." Sasa wiki hiyo hiyo walikuwa wameshanipigia matapeli watatu, mmoja akijifanya mwalimu wa mtoto ambaye hata sijamzaa. Nikamjibu Aikande, "Katapeli ukoo wenu," nikaongeza na mengine ambayo mhariri aliyakata, kisha nikamfungia namba.

Kwa hiyo kwenye faili la mtoto kuliandikwa: "Ndugu wa mama amepatikana. Amekataa. Ametukana."

Wiki jana niliwaacha nimepiga magoti kwenye sakafu ya ofisi ya Aikande naomba radhi. Alikubali, lakini kwa masharti. Makao alimokuwa Violeth yalikuwa ya muda tu. Kama kufikia Ijumaa asingepatikana ndugu wa kumlea, tena bila mvutano wowote, Jumatatu mtoto angehamishiwa makao makubwa nje ya mkoa.

"Walete ndugu zako Jumanne," akaniambia. "Nitawaeleza njia zote za kumlea mtoto huyu, kisha tutaona. Walete wa karibu tu. Watano wanatosha."

Watano. Naomba uishike hiyo namba, maana mimi niliishika na haikunisaidia.

Nilimpigia Mjomba Valeriani wa Mkula, kaka wa marehemu mama yetu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki.

"Watano?" akasema. "Mtoto wa ukoo ajadiliwe na watu watano? Hao wengine wamekosa nini?"

"Ofisi ni ndogo, Mjomba."

"Basi tutakaa nje."

Jumanne saa tatu nilikuwa nimeshafika, nimevaa gauni nililojishonea mwenyewe. Nilikuwa na hotuba nimeiandika kwenye karatasi ya kukatia vipimo. Violeth alikuwa ameletwa na matroni wa makao, amekaa ndani ya ofisi karibu na dirisha, ana soda mkononi. Mara ya mwisho kumwona alikuwa na miaka mitano. Sasa alikuwa mrefu, na ana kipaji cha uso cha Levina.

"Shikamoo," akaniamkia, kwa adabu ile ya kuamkia mgeni.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mama yako mkubwa."

"Najua. Mama alikuwa na picha yako."

Nilitaka kusema kitu. Kabla sijafungua mdomo, nje kukasikika ngurumo ya trekta.

Nilitoka mbio. Trekta la Mjomba Valeriani lilikuwa linaingia uwanjani kwa Ustawi, linavuta tela. Kwenye tela walikuwamo watu thelathini na mmoja, sufuria tatu, gunia la mchele na spika ya kwaya. Shangazi Dorotea alishuka wa kwanza, mwiko mkononi, akauliza kuni ziko wapi.

Aikande akasimama mlangoni. Ni dada mwembamba, Mpare, ana miezi minne tu tangu aletwe huku bondeni.

"Balbina, nilisema wangapi?"

"Watano, afisa."

"Hawa ni wangapi?"

"Thelathini na mmoja. Wengine wanakuja na bajaji."

Mtu wa mwisho kushuka kwenye tela, aliyekuwa amekalia gunia la mchele kwa raha zake, alikuwa Kelestini.

Hapa inabidi nieleze. Kwetu kikao cha ukoo, kiwe cha msiba, cha mahari au cha mpaka wa shamba, hakifungwi bila mtani. Sisi Wapogoro na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu, na kila upande unauita mwingine watumwa wake. Kelestini ni Mngoni aliyetoka Songea miaka thelathini iliyopita, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli barabara ya Katindiuka, hakuoa, hakurudi. Kazi yake kwenye vikao vyetu ni kutuharibia. Asipotuharibia, wazee hunung'unika kwamba kikao hakijakaa sawa.

Tukakaa uwanjani chini ya dirisha la ofisi, wengine kwenye mabenchi, wengine kwenye tela. Aikande akaketi kwenye meza iliyotolewa nje, akafungua faili.

"Njia ya kwanza," akaanza, "ni ndugu mmoja kuomba kuwa mlezi. Tunakwenda kuona nyumba yake, tunaandika ripoti, mahakama inatoa amri. Anakuwa mtu mmoja anayejulikana, anayewajibika."

Mjomba Valeriani akanyoosha mkono. "Hatuwezi kumlea kwa zamu? Jumatatu kwangu, Jumanne kwa Dorotea, hivyo hivyo mpaka tuzunguke wote."

"Mzee, mko thelathini na mmoja. Atarudi kwako baada ya mwezi."

"Ndivyo tunavyofanya na hilo trekta, na halijawahi kulalamika."

Aikande akavuta pumzi. "Njia ya pili ni malezi ya kambo. Familia isiyo ya ndugu, ambayo ofisi imeikagua, inakaa na mtoto kwa muda, na sisi tunafuatilia."

Shangazi Dorotea akaacha kukoroga. "Mtoto wetu alelewe na watu baki, na sisi tumekaa hapa na sufuria tatu?"

"Nawaeleza tu njia zilizopo, mama."

"Eleza hizo nyingine. Hiyo tumeisikia."

"Njia ya tatu ni kuasili. Mahakama inamfanya mtoto awe wako moja kwa moja, kwa jina na kwa urithi, na jambo hilo halitenguliwi kirahisi."

"Hiyo ndiyo yenyewe," akasema Mjomba. "Tunaasili wote. Lete wino tutie dole gumba."

"Mzee, hamwezi kuasili watu thelathini na mmoja."

"Basi wapunguze wewe. Mimi nilishindwa tangu Mkula."

Walizungumza hivyo kwa saa nzima. Kila aliyesimama alisema mtoto huyu ni damu yetu, ni jukumu letu, ni aibu ukoo mzima kumwacha serikalini. Binamu mmoja alizungumzia shamba la Levina. Mwingine aliuliza kama wanaosubiri wali wanaweza kukaa kivulini. Aikande aliandika yote, maskini, hata la kivuli.

Mwisho akauliza, "Nani hasa anaomba ulezi?"

Nikasimama. Nilikuwa nimeshikilia hotuba yangu kwa mikono miwili.

"Huyo ana hasira," akasema Shangazi Dorotea kutoka kwenye sufuria. "Aliitukana serikali kwa simu."

"Sina hasira, Shangazi."

"Unaona? Ameshaanza."

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapoungama. Hotuba ilikuwa mkononi. Ningeisoma tu. Badala yake nikatumia robo saa nzima kuwathibitishia ndugu zangu kwamba sina hasira, kwa sauti iliyosikika hadi stendi. Nikataja waliokopa nguo zangu. Nikamkumbusha Shangazi sare ya Pasaka niliyomshonea mara tatu. Nikampigia Aikande mahesabu ya nyumba yangu: vyumba viwili, vitanda viwili, vyandarua viwili, choo kina bati jipya. Kisha nikakaa chini natweta, na karatasi ya hotuba nimeikunja mpaka imekuwa kijidonge.

Hata hivyo ukoo ukakubali. Mjomba akasema, "Nyumba ina vyandarua. Apewe." Watu wakapiga makofi. Nikamwona Aikande anatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Basi nifunge," akasema. "Kuna mwenye pingamizi?"

"Mimi," akasema Kelestini.

Watu walianza kucheka kabla hajasimama. Akajikung'uta suruali, akatembea taratibu mpaka mbele ya meza, akavua kofia.

"Jina?" akauliza Aikande.

"Kelestini. Bwana wa watumwa hawa wote unaowaona."

Mjomba Valeriani aliegemea tairi la trekta, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Una uhusiano gani na mtoto?"

"Mtoto wa mtumwa ni wangu. Hawa hawajui kulea. Wamekuja na sufuria tatu na hakuna hata mmoja aliyekumbuka chumvi. Huyu mtoto namtaka mimi. Sikiliza vizuri, Mama Ustawi, uandike: namtaka. Jumamosi nakuja kumchukua. Nitamtengenezea baiskeli yake mwenyewe, nyekundu, yenye kengele. Atakaa mbele, mimi nitasukuma, hadi Songea."

Wanawake walipiga vigelegele. Spika ya kwaya ikawashwa. Aikande akamgeuzia fomu ya pingamizi, na Kelestini akatia sahihi ndefu yenye mikia, kisha akaongeza dole gumba la grisi juu yake kwa madoido. Tukampigia makofi. Mimi mwenyewe nilipiga.

Tukala wali, haukuwa na chumvi, tukaagana. Nilikuwa wa mwisho kuondoka.

"Balbina," akaniita Aikande. "Pingamizi la yule mzee litasikilizwa Ijumaa saa nne."

"Pingamizi gani, afisa? Yule ni mtani wetu."

"Najua mtani ni nani. Sisi Wapare tuna watani wetu Wachaga. Lakini sijawahi kuona mtani anajaza fomu."

"Alikuwa anatania."

"Fomu haitanii. Ina jina, ina sahihi, ina dole gumba. Na kwenye muhtasari nimeandika kwamba ndugu walishangilia." Akafunga faili. "Maadamu pingamizi lipo, siwezi kukupitisha. Mlete alifute mwenyewe kabla Ijumaa haijaisha. Bila hivyo, Jumatatu mtoto anasafiri."

Nililia barabarani siku hiyo, na sikujali nani ananiona.

Jumatano asubuhi nikaenda kibandani kwa Kelestini. Nilimkuta amepindua baiskeli ya mtu, anakaza spoku.

"Mtani," nikamwambia, "lile jambo limekuwa kweli. Njoo ukafute."

Akanisikiliza mpaka mwisho. Aliposikia kwamba serikali imempangia siku ya kusikilizwa, alicheka hadi akakaa chini.

"Miaka thelathini nawatania Wapogoro," akasema, "leo ndio mara ya kwanza naandikiwa."

"Kwa hiyo unafuta?"

"Mtani hafuti bure. Mila unaijua."

"Unataka nini?"

"Jogoo. Umweke kwenye kapu, kapu ulibebe kichwani, utoke nalo sokoni mpaka hapa. Ukifika, upige magoti, uniamkie: shikamoo bwana wangu. Na njiani usimjibu mtu yeyote. Ukijibu hata neno moja, unarudi sokoni unaanza upya. Nitakuwa nyuma yako na baiskeli."

Nilimtazama. Nilikuwa na maneno kama kumi yamejipanga mdomoni. Nikayameza moja moja.

"Jogoo wa rangi gani?" nikauliza.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa sokoni, kapu kichwani, jogoo mwekundu ndani amefungwa miguu. Kelestini alikuwa nyuma yangu kwenye baiskeli, amevaa koti, anaendesha kwa mwendo wa konokono na kupiga kengele ili watu wageuke.

Watu wakageuka. Walipomwona mtani nyuma, walielewa mara moja, na kila mmoja akataka kunikosesha.

"Fundi, unahamia wapi na mumeo?" akauliza muuza nyanya.

Nikanyamaza.

"Fundi, kofia hiyo umeshona mwenyewe?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshapita maduka ya vitenge, najisifu moyoni, nilipokutana na Beatus, mwenyekiti wa kwaya. Beatus hakuwa na habari ya utani wala jogoo. Yeye alikuwa na shida yake.

"Balbina, zile sare zimebana. Sauti ya pili wote hawawezi kupumua."

"Wamenenepa wao," nikasema.

Kengele ikalia nyuma yangu. "Sokoni," akasema Kelestini.

Nikarudi sokoni. Muuza nyanya alifurahi kuniona.

Safari ya pili nilivuka maduka, nikamvuka Beatus ambaye bado alikuwa anangoja jibu, nikafika hadi kwenye mashine za kukoboa mpunga. Pale jogoo akatoa kichwa kwenye kapu na kuwika. Vibarua wakacheka, mmoja akasema, "Mama, huyo kuku anaongea kuliko wewe." Hilo nililivumilia. Kisha mwingine akasema kwamba gauni langu lina mshono mbovu begani.

Naweza kuitwa mtumwa. Naweza kuitwa mwenye hasira. Lakini mshono wangu usiguswe. Nilimjibu, na nilimjibu kwa kirefu.

"Sokoni," akasema Kelestini.

Safari ya tatu ilikuwa saa sita, jua limesimama kichwani, na nusu ya Ifakara imeshapata habari. Walijipanga barabarani. Walinisema pua, wakanisema mwendo, wakanisema uchumba wangu uliovunjika mwaka juzi. Nilikuwa namfikiria Violeth na soda yake karibu na lile dirisha. Nilitembea. Tangu nizaliwe sijawahi kukaa kimya muda mrefu namna ile, na nilishangaa kugundua kwamba mtu hafi.

Nilipofika kibandani nilipiga magoti kwenye vumbi na grisi.

"Shikamoo bwana wangu."

Kelestini alishuka kwenye baiskeli, akafunga kifungo cha koti, akapokea kapu.

"Marahaba, mtumwa wangu. Kesho saa nne nafuta." Kisha akaniinua mwenyewe, akanifuta vumbi magotini kwa kitambaa chake. "Umefanya vizuri, Balbina. Mimi nilidhani utarudi sokoni mara saba."

Nililala usingizi mzuri. Niliota natandika kitanda cha pili.

Ijumaa tulifika ofisini pamoja, mimi na mtani wangu, tumepatana. Mjomba Valeriani alikuwapo peke yake safari hii, bila trekta. Kelestini alikuwa amenyoa ndevu. Aikande alituonyesha viti, akatoa karatasi moja iliyopigwa chapa.

"Mzee Kelestini, nimeambiwa unataka kufuta."

"Ndiyo, Mama Ustawi. Ulikuwa utani. Hawa ni watumwa wangu, nawapenda, wasije wakanikosesha wali wa bure."

Nikamwona Mjomba anatabasamu. Nikashusha pumzi.

Aikande hakutabasamu. "Kabla hujatia sahihi, kuna jambo moja. Mtoto wa umri huu lazima asikilizwe. Nilimsikiliza jana, na nimemwita ili mlisikie kwake mwenyewe."

Akafungua mlango wa ndani. Violeth akatoka. Alikuwa amevaa viatu, soksi zimevutwa hadi magotini, begi lake dogo la shule limefungwa vizuri na limejaa. Akatuamkia wote kwa zamu. Kisha akamwendea Kelestini.

"Babu, leo ni Jumamosi?"

"Leo Ijumaa," akasema Kelestini.

"Basi nitasubiri."

Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu naye, begi mapajani.

Mjomba alikohoa, kisha akaacha.

"Violeth," akasema Aikande kwa upole, "waambie ulichoniambia."

Mtoto akatazama viatu vyake. "Nilisema nataka kwenda na huyu babu wa baiskeli."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alisema ananitaka. Wengine hawakusema."

Mimi nikaanza kuhesabu. Niliwapitia wote kichwani, kuanzia Mjomba na zamu zake, Shangazi na sufuria zake, yule wa shamba, yule wa kivuli. Watu thelathini na mmoja. Walisema damu, walisema jukumu, walisema aibu. Nikajifikia mimi mwenyewe. Nilisimama robo saa nzima siku ile, chini ya dirisha lile lile, nikasema vyandarua.

Ile karatasi ya hotuba ilikuwa imeanza na neno "namtaka". Niliikunja kabla sijaisoma, kwa sababu ya hasira ambazo nilikuwa nawaambia watu sina.

Nikatoka kwenye kiti nikachuchumaa mbele yake. "Mwanangu, hata mimi nakutaka. Nakutaka sana. Jana nimetembea na jogoo kichwani kwa ajili yako."

Alinitazama kwa macho ya mama yake. Hakuwa na kiburi. Alikuwa anataka kujua tu.

"Mbona hukusema siku ile?"

Niliinama nikaanza kumnyoosha soksi ambazo tayari zilikuwa zimenyooka. Mimi, ambaye vibarua wa mashineni bado wanasimulia mdomo wangu.

Aikande akaisukuma karatasi mbele ya Kelestini, akaweka kalamu juu yake. "Mzee, mimi siwezi kukuamulia. Ukitia sahihi, pingamizi limefutika na Balbina anaendelea. Usipotia, nitalazimika kukuchukulia kama mwombaji, na mambo yataanza upya, na hadi Jumatatu zimebaki siku tatu tu. Soma kwanza."

Kelestini hakuisoma. Alichukua kalamu, akainama.

Violeth alishasogeza kiti. Yuko darasa la pili na anasoma kila kitu kinachopita mbele ya macho yake, hata maandishi ya kwenye kiberiti. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti, pole pole, ili asikosee mbele ya wakubwa.

"Mimi Kelestini... nathibitisha kwamba... maneno yangu ya siku ya Jumanne... yalikuwa ya utani... na kwamba simtaki..."

Akasimama hapo. Kidole bado kiko kwenye karatasi. Akainua uso, akamtazama yule mzee.

"Babu, ulikuwa unatania?"

Kelestini, ambaye kwa miaka thelathini hajawahi kukosa la kumjibu Mpogoro yeyote, mkubwa kwa mdogo, akageuka akanitazama mimi.